Kano ya kisigino imepona, Novemba nakimbia kilomita 100 za mlimani: nisaidieni kujiandaa nikiwa hapa Nairobi

MtuWaKinoo (mleta uzi), Mei

Wadau, hamjambo. Nimesoma nyuzi za humu muda mrefu bila kuandika lolote. Leo naandika kwa sababu nimejisajili Ultra-Trail Cape Town, ile ya kilomita 100, na sijawahi kukimbia zaidi ya kilomita 42 maishani. Halafu natoka kwenye jeraha.

Januari mwaka jana nilikuwa najiandaa kwa marathoni ya lami. Nilikuwa kwenye kilomita 40 kwa wiki. Nikaona siku zinaniishia, nikapanda hadi 85 ndani ya wiki tatu, zote kando ya Waiyaki Way alfajiri. Wiki ya pili nikaanza kusikia kitu kwenye mguu wa kushoto kila nikishuka kitandani. Hatua nne tano za kwanza ni kama kamba kavu inavutwa ndani ya ngozi. Ukitembea hadi jikoni inalegea. Nikameza dawa za maumivu, nikaendelea. Kufikia wiki ya sita nilikuwa napanda ngazi za ofisi nikishika ukuta. Nikiibana kano kwa vidole viwili, juu kidogo ya kisigino, nilikuta kijivimbe kama punje ya kunde, na nikichezesha mguu juu na chini nilihisi kitu kinakwaruza humo ndani.

Hospitali ya kwanza waliniambia nipumzike miezi miwili bila kufanya chochote. Nikatii. Siku ya tatu ya kurudi barabarani maumivu yakawa yaleyale. Ndipo nikaelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaniweka kwenye ngazi ya nyumba yangu kuinua visigino asubuhi na jioni. Miezi mitano. Tangu Desemba sina maumivu. Sasa niko kilomita 45 kwa wiki, nyingi ndani ya msitu wa Karura.

Mkiniuliza kwa nini mlima na kwa nini mbali hivyo: ile miezi sikuweza kukimbia, dirisha la ofisi yetu Upper Hill lilikuwa likinionyesha vilima vya Ngong kila mchana anga likiwa safi. Nilijiahidi nikipona sitaifukuza saa tena, nitakwenda kule juu. Nina miaka 41, watoto wawili, kazi saa mbili hadi saa kumi na moja. Nianzie wapi bila kujiumiza tena?

---

FizioMtaani

Hongera kaka kwa kuvumilia ile miezi mitano. Watu wengi huacha wiki ya nne maumivu yakipungua.

Kwanza, usiache kuinua visigino. Mazoezi uliyopewa yanatokana na kazi ya daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson, aliyoichapisha na wenzake mwaka 1998: seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, seti tatu goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, wiki 12. Hesabu yake ni mara 180 kwa siku. Wewe sasa huhitaji wingi huo, unahitaji uzito. Vaa mkoba, tia vitabu au mfuko wa unga wa kilo kumi, inua polepole na kushuka polepole, mara tatu kwa wiki mpaka Novemba. Kano hukomaa kwa kubebeshwa mzigo. Ukiipumzisha kabisa inadhoofika, ndiyo maana ile miezi miwili ya kukaa haikukusaidia.

Wanaosoma huu uzi na wana maumivu palepale kano inaposhika kwenye mfupa wa kisigino, chini kabisa, msishushe kisigino chini ya ukingo wa ngazi. Fanyeni kwenye sakafu tambarare. Aina hiyo huchochewa zaidi kano ikibanwa kwenye mfupa.

Pili, jifunze kuyapima maumivu. Weka namba kutoka sifuri hadi kumi. Wakati wa zoezi, hadi tano inakubalika, ilimradi kufikia asubuhi inayofuata yawe yametulia na yasiwe yanapanda wiki baada ya wiki. Kipimo chako cha kweli ni zile hatua tano za kwanza kutoka kitandani. Ziandike kila siku kwenye daftari.

Tatu, jambo ambalo hapa Nairobi halisemwi vya kutosha. Tumbo likivuruga watu hukimbilia duka la dawa na kununua siprofloksasini, ile wengi huiita sipro. Dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru kano, hata kuikata, na kano ya kisigino ndiyo huathirika zaidi. Wewe ukiandikiwa dawa yoyote ya bakteria, mwambie daktari kabla hujaimeza kwamba umewahi kuugua kano.

---

MamaVilima

Karibu mdogo wangu. Nimekimbia Comrades, zile mbio za lami za karibu kilomita 90 za Afrika Kusini, mara tatu na mbio za milimani za zaidi ya kilomita 80 mara mbili, na nimezeekea kwenye vilima hivyo unavyovitazama dirishani.

Sahau kilomita. Anza kuhesabu saa na mita za kupanda. Mbio zako zina zaidi ya mita 4,000 za kupanda, na ukipanda mita hizo utaziteremka zote. Kilomita kumi za Karura utazimaliza kwa saa moja. Kilomita kumi za mgongo wa Ngong, kutoka lango la msitu kuelekea Kona Baridi, upepo ukikupiga ubavuni, zinaweza kukuchukua saa mbili na mguu ukafaidika mara tatu. Wiki yako iwe na saa saba hadi kumi za kuwa miguuni, na zisifike hapo mpaka Agosti.

Kupanda, tembea. Nakuomba uniamini hapa kwa sababu wakimbiaji wa lami huona aibu. Kwenye mwinuko mkali mtu anayetembea vizuri, mikono juu ya mapaja au akiwa na fimbo mbili, anakwenda sawa na anayekimbia na anatumia nguvu kidogo. Kutembea mlimani ni ufundi na unafunzwa. Mimi hufanya mazoezi ya kutembea kwa kasi siku nzima nzima.

Kuteremka ndiko kunakoua. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, inajikaza huku inarefushwa, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika. Mtu mwenye mapafu mazuri anafika kilomita ya 60 akiwa hana pumzi ya kulalamikia, lakini hawezi kushuka ngazi tatu. Dawa yake ni kuteremka, na si mara moja. Mteremko wa kwanza utakuuma siku tatu, wa pili siku moja, wa tatu husikii sana. Mwili unajikinga, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Hatua fupi, za haraka, macho mita tatu mbele, usiegemee nyuma.

Jumamosi muda wa saa nne mlimani, Jumapili muda wa saa mbili kwenye miguu iliyochoka. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili, isiwe kila wiki, kwa sababu ya hicho kisigino.

---

KasiYaLami

Kwa heshima Mama, saa saba kwa wiki ni kidogo mno kwa kilomita 100. Sisi hapa tumelelewa na lami na uwanja. Akifika kilomita 120 kwa wiki na kuongeza kasi siku mbili, mlima utajipa. Mchezo huu wa vijia vya milimani ni wa Wazungu.

---

MamaVilima

Kijana wangu, Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017, akarudia 2018. Patrick Kipngeno akachukua ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima 2022 na 2023. Ni Wakenya, na walijifunza mlima kwa kwenda mlimani.

Kuhusu 120 kwa wiki: huyu ndugu alijiumiza kwa kuruka kutoka 40 hadi 85. Unamrudisha kulekule alikotoka, tena akiwa na kano iliyowahi kuugua. Kasi atakuwa nayo siku moja kwa wiki, kupanda kwa nguvu dakika nne, kuteremka taratibu, mara tano. Inamtosha.

---

KasiYaLami

Nimekuelewa. Hilo la jeraha nililipita haraka nilipokuwa nikisoma.

---

MtuWaKinoo, Juni

Mama, Daktari, asanteni kutoka moyoni. Nimenunua daftari. Hatua za asubuhi zimekuwa sifuri au moja kwa wiki nne sasa.

Nina maswali mawili. Nitamaliza usiku, hilo halikwepeki, na Karura hufungwa jioni. Nifanyie wapi mazoezi ya giza bila kuibiwa? La pili ni chakula. Jumamosi nilikuwa Ngong kwa saa nne na maji matupu, saa ya tatu nikaanza kuona nyasi zinayumba hata pasipo upepo.

---

TochiMbili

Kaka, giza la Nairobi si la kwenda nalo peke yako. Sisi tuko watu sita, tunaanza saa kumi alfajiri ndani ya mtaa wenye geti na walinzi, tunauzunguka na tochi za kichwa mpaka kupambazuke, kisha tunaelekea Karura milango ikifunguliwa. Miguu inaingia msituni ikiwa imechoka na akili ikiwa ya usiku, na hilo ndilo zoezi lenyewe. Mtaa ni tambarare, sawa, lakini utajifunza kuona kivuli cha jiwe kwa mwanga wa tochi, kula ukiwa na usingizi na kubadilisha betri bila kuona vidole. Hili la betri lifanye nyumbani mara kumi, taa zikiwa zimezimwa.

Nunua tochi mbili. Mbio nyingi za milimani za umbali huo hukagua mkoba wako: tochi, koti la mvua lenye kofia, blanketi ya dharura, filimbi, simu yenye chaji, kikombe. Usibebe kwa sababu ya ukaguzi tu. Mtu akiteguka kifundo cha mguu mlimani saa sita usiku, jasho linageuka barafu ndani ya dakika chache akiacha kutembea.

Ngong usiende peke yako hata mchana. Lipia langoni, ulizia askari wa msitu akusindikize kama hamjatimia kikundi.

Na tukiwa Karura, mimi huwaambia wageni wetu kila mara: vijia hivi vipo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti hapa ardhi ilipokuwa inanyakuliwa. Ukiona karatasi ya biskuti njiani, iokote.

---

MamaVilima

Chakula: gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza, njaa ipo au haipo. Ndizi mbili za wastani zinakupa kama 50. Ukitumia saa 17 njiani, hiyo ni kilo nzima ya wanga itakayopita tumboni mwako ukiwa unatikisika. Kwa hiyo tumbo nalo linafanyishwa mazoezi kama mguu. Kila Jumamosi kula kwa saa kama utakavyokula siku yenyewe.

Mimi hutumia viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi, tende, na uji mwepesi wenye sukari kwenye chupa laini. Nduma hunikaba, inataka maji mengi. Kwa safari tende ni nzuri, hazivundi kwenye mkoba na ukaguzi wa uwanja wa ndege hausumbui. Utamu utakuchosha kufikia saa ya nane, weka kitu cha chumvi.

Maji kunywa kwa kiu. Nimeona mtu amelazwa kwenye hema la matabibu, amevimba vidole, anatapika, hajui yuko wapi, na tatizo lake lilikuwa maji mengi. Alikunywa kila kituo kwa kuogopa jua, chumvi ya damu ikashuka.

---

MtuWaKinoo, Agosti

Ripoti ya Mlima Longonot. Jumamosi tulikuwa watu wanne, tukaingia lango lilipofunguliwa. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, kuuzunguka ukingo ni saba na ushei, kilele kiko mita 2,776. Mpango ulikuwa mizunguko miwili ya ukingo kisha kushuka langoni na kupanda tena hadi ukingoni.

Mzunguko wa kwanza nilijisikia mfalme. Ukungu wa Agosti ulikuwa umejaza kreta yote, huoni chini, unasikia ndege tu. Ule upande wa kilele ambako njia ni mfereji wa vumbi la volkano, mwembamba kiasi kwamba mguu mmoja unasubiri mwingine upite, nilitembea kama Mama alivyosema, mikono mapajani. Wenzangu wawili walikimbia. Tulifika juu pamoja.

Mzunguko wa pili mapaja yakaanza kutetemeka kwenye mteremko. Nikasimama, nikayaangalia: misuli juu ya goti ilikuwa inacheza yenyewe chini ya ngozi, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Nikapunguza hatua, nikazifanya fupi. Tulipofika langoni na kugeuka kupanda tena nilitamani kulia, lakini kula nilikula, vipande sita vya viazi, na nusu saa baadaye nikawa mtu tena. Kisigino: sifuri. Jumapili asubuhi: moja. Nilimwita mke wangu aje aone daftari.

Swali dogo kwa Daktari. Mapaja yaliuma mpaka Jumanne. Siku ya mbio nibebe dawa za maumivu?

---

FizioMtaani

Usibebe. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mlimani, ukiwa umepungukiwa maji na misuli inachanika na kumwaga uchafu wake kwenye damu, figo zinahitaji kila tone. Mkojo wako ukiwa na rangi ya chai ya strungi, mwisho wa mbio ni hapo, tafuta matabibu.

Na kwako wewe kuna sababu ya pili. Mwaka jana dawa ndiyo iliyokufichia jeraha mpaka wiki ya sita. Maumivu ya kano unayahitaji uyasikie.

---

MtuWaKinoo, Oktoba

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hofu.

Wiki tatu zilizopita nilipata viatu vya mlimani kwenye mitumba pale Toi, soli ina meno mazuri, karibu vipya. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia na matope ya Karura nayajua, yale mekundu yanayobeba kiatu. Nikavivaa Ngong kwa saa tano, kupanda na kushuka. Vilinishika ardhi vizuri sana. Jumapili asubuhi nikashuka kitandani: nne. Jumatatu: tano. Jumatano niliamka saa kumi usiku, nikakaa ukingoni mwa kitanda na miguu hewani, sikutaka kukanyaga sakafu. Nilijua nikikanyaga nitapewa jibu.

Jibu lilikuwa tano.

Mwaka jana ningekimbia. Safari hii nilikaa nikavilinganisha viatu viwili juu ya meza. Vile vya zamani kisigino kimeinuka kuliko vidole, kama milimita kumi. Hivi vipya ni bapa kabisa. Nimeipeleka kano ileile kwenye mwinuko ikiwa imevutwa zaidi ya ilivyozoea, saa tano mfululizo.

Siku kumi sikukimbia. Baiskeli asubuhi, visigino kwenye ngazi jioni nikiwa na mkoba lakini nusu ya uzito, na viatu vya zamani hata kazini. Daftari linasema: tano, tano, nne, nne, tatu, mbili, mbili, mbili, moja, moja. Jana nimekimbia dakika 40 Karura. Leo asubuhi: moja. Nimeharibu? Zimebaki wiki sita.

---

FizioMtaani

Hujaharibu. Kano imekasirika, haijaumia upya, na uliisikia ndani ya siku nne badala ya wiki sita. Viatu bapa si vibaya, ila vinahitaji miezi ya kuzoea, hivyo viweke kabatini mpaka mwakani. Ongeza dakika 20 kila mara ya pili, siku moja ya kupumzika katikati. Rudisha uzito kwenye mkoba wiki ijayo. Kupanda, weka kisigino chini, usiende kwa vidole.

Siku kumi hazikupunguzii pumzi ya miezi mitano. Isitoshe umefanya mazoezi yote haya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na mbio zako zinaanzia karibu na usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nzito kuliko ya kwetu, utaisikia kifuani.

---

MamaVilima

Nimesoma hiyo habari ya kukaa ukingoni mwa kitanda mara mbili. Nami nilikaa hivyo mwaka mmoja kwa ajili ya goti. Pole mdogo wangu.

---

MtuWaKinoo, Novemba

Wiki mbili zilizopita: sifuri, isipokuwa Jumanne moja. Nimelala Kinoo nikisikia mvua kwenye mabati na sikuwa na wasiwasi.

Jumamosi hii ni mbio ndefu ya mwisho, saa nne tu, kisha napunguza mpaka siku ya kusafiri. Tunakutana lango la msitu Ngong saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunakwenda mpaka Kona Baridi na kurudi. Anayetoka katikati ya jiji apande matatu ya 111 mpaka Ngong, kisha boda mpaka langoni. Mlinzi wa msitu tumeshamwomba. Nitabeba tende za kuwatosha wote.

---

TochiMbili

Tupo watatu kutoka kikundi chetu.

---

KasiYaLami

Nikaribisheni. Sijawahi kufika kule juu.

---

MamaVilima

Karibu kijana wangu, utakaa nyuma na mimi kwenye miteremko. Kinoo, vaa viatu vya zamani.